Uzito Unaporudi Baada ya Upasuaji: Tusimfanye Dada Yetu Akaikimbia Tiba



Wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona, jikoni na katika kumbi za arusi. Yuko dada aliyeelemewa na uzito kwa miaka mingi. Sukari na presha zilimwandama, magoti yakamshinda, akawa anaswali juu ya kiti. Jamaa wakachanga, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Mwaka wa kwanza nguo zilimpwaya, dawa zikapunguzwa, akarejea kusujudu chini. Mwaka wa tatu kilo zikaanza kurudi. Ndipo mmoja wetu akamwambia mbele za watu, "Pesa zote zile, na umekuwa vile vile?" Tangu siku hiyo hakuonekana tena arusini, wala kliniki.

Kinachotutia khofu zaidi ya kilo zilizorudi ni hiyo kliniki aliyoiacha.

Wengi wetu hudhani kwamba aliyepasuliwa amekwisha kupona, na kwamba akinenepa tena ni ulafi wake. Sivyo. Katika aina moja ya upasuaji huo, madaktari huondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo. Katika aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo, chakula kipite njia fupi. Njaa hupungua, na shibe huja upesi. Lakini mwili nao una tabia ya kuulinda uzito uliouzoea. Kadiri mtu anavyokonda ndivyo mwili unavyotumia nguvu kidogo zaidi, na homoni za njaa huweza kuamka tena. Kifuko nacho huweza kutanuka kwa miaka. Ziko pia dawa zinazoongeza uzito, na iko huzuni inayomfanya mtu atafute faraja katika chakula.

Katika utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10, upungufu huo ulikuwa asilimia 25. Tupige hesabu: mama wa kilo 120 angeshuka hadi karibu kilo 82, kisha apande hadi kilo 90. Kilo 8 zimerudi, ni kweli, lakini kilo 30 bado hazijarudi. Je, huyo ndiye wa kuambiwa kwamba amekuwa vile vile?

Basi dada yetu afanyeje? La kwanza ni kurudi kwa daktari mapema, asingoje kilo zote zirudi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Daktari atatazama kama tumbo limebadilika, atapima sukari, presha na damu, na atapitia dawa anazotumia. Zipo tiba za kusaidia, zikiwemo dawa za sindano, na kwa wachache upasuaji wa pili. Lakini asinunue sindano kwa kuelekezwa na shoga, wala asinywe majani ya kuharisha. Vilevile asiache vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa, kwani haja yake ya vidonge hivyo ni ya maisha. Akitapika mfululizo au akiumwa sana na tumbo, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

La pili ni kuchunguza kinachopita kinywani. Tumbo dogo huzuia sahani ya biriani, lakini halizuii sharubati, soda, chai ya maziwa yenye sukari, wala kaimati moja moja tangu alasiri hadi usiku. Vitu hivi hupita kwa wepesi, na shibe yake haidumu. Aanze mlo kwa samaki, kuku, mayai au kunde, kisha mboga, na wali uwe wa mwisho na kidogo. Mbaazi ni chakula chema, lakini tui zito huongeza mafuta mengi. Atembee kila siku, na afanye mazoezi ya kuimarisha misuli kwa kadiri ya uwezo wake. Na Ramadhani ikikaribia, amwulize daktari wake kabla ya kutia nia ya kufunga.

La tatu linatuhusu sisi tulio karibu naye. Mama mkwe anayesema "ongeza kidogo, usinivunjie heshima" anamwonea huruma, lakini anamdhuru. Mume anayeleta soda kila jioni, kisha akalalamika kwamba mkewe ananenepa, naye ajitazame. Tusimpikie chungu chake peke yake kama mtu aliyetengwa. Nyumba nzima ipunguze sukari na mafuta, kwani na watoto watafaidika. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuacha nafasi tumboni kwa chakula, kwa maji na kwa pumzi, na mafundisho hayo hayakuwa kwa waliopasuliwa tu.

Tena tuchunge ndimi zetu. Katika Sura ya Al-Hujurat, wanawake wamekatazwa kuwadharau wanawake wenzao, kwani huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayedharau. Neno moja la kejeli limeweza kumtoa mgonjwa katika tiba. Na neno moja jema, "Dada, nitakusindikiza kliniki Jumatatu," laweza kumrudisha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa stara kwao. Amin.