Moodle Isipoipata BigBlueButton: Kasi ya Intaneti Haina Kesi

Swali linaloulizwa na walimu, wakuu wa idara na hata maofisa manunuzi wa vyuo, kila mara kitufe cha kujiunga na kipindi kinapoleta ujumbe wa hitilafu badala ya darasa, ni lile lile: chuo kiongeze megabiti ngapi ili Moodle iunganike na BigBlueButton? Jibu ni sifuri. Ujumbe unaosema kwamba tovuti imeshindwa kuunganika, na kumtaka msimamizi ahakiki anwani ya seva ya BigBlueButton na kuthibitisha kuwa seva hiyo inafanya kazi, haupimi kasi ya intaneti ya mtu yeyote, wala hakuna bando linalouzwa Tanzania au Kenya linaloweza kuuondoa.

Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo kupitia tovuti, na BigBlueButton, programu huria ya darasa la video iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007, ni programu mbili zinazojitegemea, na pale zilipofungwa kwa utaratibu hukaa katika mashine mbili tofauti, kwa kuwa darasa la video hula uwezo wa mashine kiasi cha kuinyima pumzi tovuti iliyo pamoja nalo. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, Moodle huja na moduli ya BigBlueButton ndani yake, na hapo ndipo wengi walipopotea, maana walipoliona jina katika orodha ya shughuli za kozi walidhani na seva imekuja, ilhali kilichokuja ni kipande cha kuzungumza na seva iliyo mahali pengine, ambayo lazima isimikwe na itunzwe na mtu.

Baina ya pande hizo zipo njia mbili, na asiyezitenganisha hatatatua lolote. Njia ya kwanza ni ya seva kwa seva: mwalimu anapobonyeza kitufe, mashine ya Moodle yenyewe hutuma ombi kwa mashine ya BigBlueButton ili kipindi kifunguliwe, na hupokea jibu fupi la maandishi la kukubali au kukataa. Njia ya pili huanza baada ya jibu hilo kukubali, pale kivinjari cha mwalimu au mwanafunzi kinapokabidhiwa anwani ya kuingilia na kuanza kubadilishana sauti na picha na seva ya video moja kwa moja, bila kupitia Moodle. Katika njia ya kwanza mtumiaji ni kama mtu aliyemwagiza karani ampigie simu karani wa ofisi nyingine: laini isipopatikana, haimsaidii mwagizaji kwenda kununua simu mpya.

Imani kwamba tatizo ni "mtandao mdogo" inastahili kuchambuliwa kwa urefu, kwa sababu inagharimu fedha na muda, na kwa sababu inarudiwa hata na watu wa TEHAMA ambao wangetarajiwa kuikanusha. Kwanza, ombi linalosafiri katika njia ya kwanza ni mstari wa maandishi wenye jina la amri, vigezo vya kipindi na alama ya uhakiki, na kwa kawaida halizidi kilobaiti chache, uzito ambao hata laini ya simu ya kizazi cha pili ingeubeba bila kulalamika. Pili, katika vyuo vingi ombi hilo halipiti kabisa katika intaneti inayolipiwa, kwa kuwa mashine zote mbili zimefungwa katika chumba kimoja, pengine katika rafu moja, zikiwa zimeunganishwa kwa waya wa mita moja au mbili; kumnunulia mwalimu kifurushi kikubwa zaidi ili mashine hizo zielewane kupitia waya huo ni jambo ambalo halina maelezo ya kitaalamu, na halitapata.

Tatu, na hii ndiyo hoja inayopaswa kumaliza mjadala, baadhi ya ujumbe wa hitilafu hubeba ndani yake ushahidi kwamba mtandao ulifanya kazi yake barabara. Seva ya BigBlueButton inapolikataa ombi kwa sababu alama ya uhakiki hailingani, hurudisha jibu lenye neno FAILED na sababu checksumError, na jibu hilo haliwezi kuandikwa na mtu mwingine isipokuwa seva yenyewe, maana yake ombi liliondoka, likafika, likasomwa, likapimwa, likakataliwa, na habari za kukataliwa kwake zikarudi salama. Kulaumu kasi ya mtandao mbele ya jibu kama hilo ni kulaumu chombo pekee ambacho hakikukosea.

Ni kweli kwamba mtandao nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba, na madarasa mengi yaliyotegemea seva za ng'ambo yaliyumba nayo. Lakini siku kama hizo hata habari na barua pepe huwa hazifunguki, na hakuna anayehitaji mtaalamu wa kumweleza kuwa kuna tatizo. Hitilafu inayoipata BigBlueButton peke yake, huku tovuti ya masomo ikifunguka, kazi za wanafunzi zikipakiwa na video za YouTube zikicheza, haitoki baharini.

Dawa ya mitishamba inayoandamana na imani hiyo ni kusafisha kache, yaani kufuta nakala za picha na programu ndogo ambazo kivinjari huhifadhi ili kurasa zifunguke haraka. Anwani ya seva ya video haikai katika kivinjari cha mwalimu. Imehifadhiwa katika mipangilio ya Moodle, kwenye hifadhidata iliyo katika mashine ambayo mwalimu hajapata kuigusa. Sababu ya dawa hii kuonekana inatibu ni kwamba seva ya BigBlueButton, ikiwashwa upya, huchukua muda kabla ya kuanza kujibu, na muda huo unatosha kabisa kwa mtu kufuta kache, kubadili kivinjari, kuzima kompyuta na kuiwasha. Inapofika zamu ya jaribio la mwisho seva imeshaamka, na sifa inakwenda kwa jaribio hilo.

Utetezi wa mwisho wa wanaoshikilia imani hii ni kauli kwamba "mbona kwangu seva inafunguka?" Inafunguka kwenye kivinjari cha msemaji, naam, lakini njia ya kwanza haipiti hapo. Kipimo halali hufanywa kutoka ndani ya mashine ya Moodle, kwa amri ya curl, inayotuma ombi la wavuti bila kivinjari, iliyoelekezwa kwenye anwani ya seva ikiishia na /bigbluebutton/api, na jibu linalotakiwa ni mistari michache yenye neno SUCCESS na namba 2.0, ambayo ni toleo la lugha ya mawasiliano na wala si toleo la programu, jambo linalowafanya baadhi ya mafundi waanze kusasisha mfumo usiohitaji kusasishwa. Jibu hilo halihitaji siri yoyote, kwa hiyo likipatikana, barabara iko wazi na kilichobaki ni kutafuta kosa katika mipangilio ya Moodle, hasa siri. Lisipopatikana, kosa liko katika seva yenyewe, anwani, ukuta-moto au cheti, na hakuna haja ya kumsumbua mwalimu tena.

Kosa la siri ni la kawaida, na ni jepesi. Moodle na BigBlueButton hutumia pamoja neno refu la siri ambalo halitumwi kamwe lenyewe: Moodle huunganisha jina la amri, vigezo vyake na neno hilo, kisha hukokotoa kwa kanuni ya SHA-1 au SHA-256 alama ya herufi na tarakimu 40 au 64, na seva hukokotoa yake na kuzilinganisha. Kwa kuwa ukokotoaji huo haujui kukisia, nafasi moja tupu iliyonakiliwa mwishoni mwa siri huzaa alama tofauti kabisa, na hivyo hivyo seva iliyosimikwa upya huwa na siri mpya ilhali Moodle bado inashikilia ya zamani. Amri ya bbb-conf --secret kwenye seva ya video huonyesha siri pamoja na anwani kamili. Vyote viwili vinakiliwe kama vilivyo, na kanuni ya ukokotoaji iliyochaguliwa katika Moodle iwe mojawapo ya zile ambazo seva imeruhusiwa kuzipokea. Anwani iliyokatwa kipande cha /bigbluebutton/ mwishoni ni mtego mwingine, kwa sababu kivinjari kikiifuata huweza kukuta ukurasa mzuri wa makaribisho, na msimamizi akaapa kwamba anwani ni sahihi, wakati Moodle imepewa ukurasa wa kutazamwa na binadamu badala ya jibu la mashine.

Pale mashine zote mbili zinapokaa katika mtandao wa ndani, Moodle yenyewe huweza kulizuia ombi kabla halijatoka. Katika mipangilio yake ya usalama wa HTTP imo orodha ya anwani zisizoruhusiwa kufikiwa, na kwa kawaida orodha hiyo hujumuisha safu za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, ambazo ndizo anwani za ndani za vyuo karibu vyote, huku milango inayoruhusiwa ikiwa 80 na 443 pekee. Ama jina la seva lielekezwe kwenye anwani yake ya nje, ama safu inayohusika peke yake iondolewe. Kuifuta orodha yote, kama inavyoshauriwa na mafundi wenye haraka, ni kumruhusu mtumiaji mjanja aitume Moodle ikachungulie mashine za ndani, ikiwemo anwani ya 169.254.169.254 ambako kampuni za kukodisha seva huweka taarifa nyeti za mashine.

Cheti cha usalama, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ndiyo inayodai kuwa, huleta utata kwa sababu kivinjari husamehe pale ambapo curl haisamehe: seva ikisahau kutuma hati ya kati inayounganisha cheti chake na mamlaka kuu, Chrome huitafuta yenyewe, lakini curl hukataa. Vyeti vya mamlaka ya Let's Encrypt, ambavyo vimezoeleka kudumu siku 90, huisha kimya kimya pale kazi ya kuvihuisha ilipokufa, na tarehe 30 Septemba 2021, hati kuu ya zamani iliyovidhamini ilipofikia ukomo, mashine nyingi zenye programu za kale zilianza kuvikataa vyeti vilivyokuwa vizima. Tiba ni mnyororo kamili wa hati, mfumo wa uendeshaji uliosasishwa, na saa ya mashine iliyo sahihi. Kuzima uhakiki wa cheti si tiba, na anayependekeza hivyo asikabidhiwe seva.

Njia ya pili ina dalili zake, na haichukui muda mrefu kuieleza. Moodle ikifungua kipindi vizuri lakini sauti ikakataa na namba 1007 ikatokea kwenye skrini, vifurushi vya UDP, yaani utaratibu wa kupeleka sauti na picha bila kusubiri uthibitisho wa kila kipande, vimezuiwa kati ya mshiriki na seva: milango ya UDP 16384 hadi 32768 ifunguliwe kwenye seva, seva iliyo nyuma ya kipanga njia ielezwe anwani yake ya nje, na kwa wanaoingia kutoka ofisi au hoteli zenye ukuta-moto mkali iwekwe seva ya TURN, ambayo hupokezana mawasiliano hayo kupitia mlango wa 443. Mshiriki anayefanikiwa kwa data ya simu na kushindwa kwa mtandao wa ofisi ameshaonyesha mahali pa kutafuta. Ni hapa pia, na hapa tu, ndipo kasi inapohesabiwa, na hata hapo mwongozo wa BigBlueButton unaanza na seva, ikipendekezewa megabiti 250 kwa sekunde za kupokea na kutuma.

Chuo ambacho hakijaweka seva yake na kinatumia ile ya majaribio inayokuja na mipangilio ya awali ya Moodle kina vikomo vya dakika 60 kwa kipindi na washiriki 25, hivyo darasa linalokatika kila likitimiza saa moja halina hitilafu yoyote ya kutafutwa.