Kuchagua Spika za Chumba cha Kusikilizia Muziki



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liwatialo watu wengi hasara, nalo ni kuchagua spika za thamani za kusikilizia muziki nyumbani. Mtu aweza kuweka akiba kwa miaka mingi, akaenda dukani, akaona masanduku marefu ya mbao yaliyopakwa rangi yaking'aa kama kioo, akalipa fedha zake zote. Afikapo nyumbani huona kuwa sauti ya ngoma yanguruma chumba kizima, na maneno ya mwimbaji hayafahamiki. Huyo hakuibiwa na mtu. Ameponzwa na macho yake mwenyewe, kwa kuwa alinunua kwa jicho kitu ambacho kazi yake ni ya sikio.

Kwanza yatupasa kufahamu spika ni kitu gani. Ndani yake mna sumaku, na katika nafasi nyembamba ya sumaku hiyo mna waya uliozungushwa mara nyingi. Waya huo umeshikamana na karatasi ngumu, au kitu kingine chepesi, kilichofanyizwa mfano wa kawa la kufunikia chakula. Umeme wa muziki upitapo katika waya, waya husukumwa mbele na nyuma, kawa huenda pamoja nao, na hewa hutetemeka. Mtetemo huo ndio sauti tuisikiayo. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa Marekani, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na hata leo spika nyingi hufanya kazi kwa njia ile ile.

Lakini kawa lisukumapo hewa ya mbele, papo hapo huivuta ile ya nyuma. Pasipo sanduku, hewa ya mbele hukimbilia nyuma, na sauti nene hupotea. Ndiyo sababu spika hutiwa sandukuni. Mwaka 1954 Edgar Villchur, naye wa Marekani, alitoa spika ambayo sanduku lake limezibwa kabisa, na hewa iliyomo ndani ikawa kama springi laini ya kulirudisha kawa mahali pake. Tangu hapo sanduku dogo likaweza kutoa sauti nene ambayo zamani ilitaka sanduku kubwa kama kabati. Basi msidhani kuwa ukubwa peke yake ni ubora.

Tena liko kosa la pili. Watu hufananisha spika na ala ya muziki, kumbe sivyo. Tumbo la udi hufanyizwa ili liimbe pamoja na nyuzi, bali sanduku la spika lapaswa kunyamaza. Kazi ya spika ni kuleta habari kama mjumbe mwaminifu, asiyeongeza neno wala kupunguza. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo ligonge sanduku ubavuni kwa kifundo cha kidole: likivuma kwa muda mrefu, jihadhari, likitoa mlio mfupi uliokufa mara moja, hiyo ni dalili njema. Lakini ni dalili tu, si hukumu; hukumu ni ya sikio.

Je, sikio lihukumu kwa kipimo gani? Chukua sauti ya mtu unayemjua. Huko Uingereza wahandisi wa BBC walikuwa na desturi ya kulinganisha sauti ya mtu aliye hai na sauti ile ile itokayo katika spika. Katika miaka ya 1970 walitengeneza spika iitwayo LS3/5A kwa ajili ya mahali padogo, kama magari yao ya kutangazia nje ya studio. Urefu wake ni kama sentimita 30 tu, wala haiwezi kutoa sauti nene sana. Lakini kwa kuleta sauti ya binadamu ilipata sifa hata ikapendwa majumbani. Maana sote tumesikia watu wakisema tangu utotoni, na sauti ya mtu ikitoka puani au kifuani isivyo kawaida, hata mtoto hutambua.

Walakini sikio nalo hudanganywa na jicho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walieleza majaribio waliyoyafanya Marekani. Watu walisikiliza spika zilizofichwa nyuma ya pazia, wakazitolea alama. Kisha wakasikiliza zile zile wakiziona. Walipoziona, alama zilibadilika: spika kubwa zenye sura ya fahari zilipandishwa, na ndogo ya bei nafuu ikashushwa, ingawa sauti zake zilikuwa hazikubadilika. Basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Mwambie rafiki abadilishe spika nawe umefumba macho. Hakikisha pia kuwa zote zasikika kwa nguvu sawa, kwani ile yenye sauti kubwa zaidi kidogo huonekana kuwa bora, na wauzaji walijua hilo zamani.

Sasa natufike chumbani, maana chumba ni nusu ya spika. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde moja. Sauti nene yenye mitetemo 40 kwa sekunde, basi, wimbi lake lina urefu wa mita 8 na nusu. Chumba chenye urefu wa mita 4 na robo hubeba nusu kamili ya wimbi hilo, nalo hugonga ukuta huu na ule, likajikusanya. Aliyeketi karibu na ukuta husikia ngurumo, na aliye katikati ya chumba huikosa sauti hiyo. Chumba chenye urefu na upana sawa ni kibaya zaidi, kwa kuwa ngurumo mbili huangukia mahali pamoja. Tena ukiiweka spika pembeni, kuta mbili na sakafu huizidishia sauti nene. Yule bwana wa mwanzo labda hakuwa na spika mbaya. Alizitia kubwa katika chumba kidogo, tena pembeni.

Dawa yake ni nyepesi. Sogeza spika mbali na pembe. Umbali baina ya spika mbili uwe sawa na umbali wako kutoka kila moja, na ile spika ndogo itoayo sauti nyembamba iwe kimo cha masikio yako uketipo. Tandika zulia, weka pazia na rafu ya vitabu, ili kuta tupu zisirudishe mwangwi.

Neno la mwisho ni la nguvu za umeme. Spika nyingine zina usikivu mwingi, nyingine kidogo, nao hupimwa kwa desibeli. Kila zipunguapo desibeli 3, yatakiwa nguvu mara mbili kupata sauti ile ile. Kwa hiyo spika ya desibeli 83 yataka nguvu mara nne kuliko ya desibeli 89. Uliza hesabu hii kabla ya kulipa, usije ukalazimika kununua na amplifaya nyingine. Wala usimalize fedha kwa nyaya za bei kubwa. Waya wa shaba mnene wa kutosha hufaa.

Labda wengine mtasema, haya ni mambo ya matajiri. Lakini kanuni hizi hazichagui mtu. Mwenye redio moja ndogo naye aitoe pembeni, aigeuze uso wake kuelekea wasikilizaji, akatandike mkeka sakafuni, kisha asikilize sauti ya msomaji wa habari. Akiisikia wazi kuliko jana, amekwisha pata faida ya mazungumzo haya bila kutoa hata senti moja.

Kwaherini.