Lori Lako Mwenyewe: Hesabu ya Safari Moja

Kila mtu na atoe daftari na kalamu, maana somo letu lina hesabu, na hesabu ya namna hii haikai kichwani isipoandikwa.

Tutazungumza habari za mtu anayetaka kununua lori dogo, aliendeshe mwenyewe, achukue mizigo ya watu kwa kukodiwa. Sisemi habari za tajiri mwenye malori kumi na karani wake. Nasema mtu mmoja na lori moja, tuseme Canter ya tani tatu au nne, ambayo kila mtu wa Miono ameiona ikipita. Kazi ya mtu huyu ni kuitwa. Mananasi yameiva, nayo hayangoji. Mwenye duka anataka saruji kabla ya Ijumaa. Pampu imekufa katika mashamba ya chumvi kule Saadani, na spea yake iko Dar es Salaam. Anayefika upesi ndiye anayelipwa vizuri, na ndiye anayeitwa tena.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Miono iko katikati, barabara kuu ya Chalinze na Segera upande mmoja, na pwani ya Saadani upande wa pili. Mwenye lori hutoka Miono kwenda Mandera, hapo akaingia barabara kuu, akavuka mto Wami, akafika Msata. Msata njia zinagawanyika. Akipenda atapita Chalinze na Kibaha. Akipenda atapita Kiwangwa na Bagamoyo, kilomita 64 za lami kutoka Msata mpaka Bagamoyo. Daraja la zamani la Wami, lililojengwa mwaka 1959, lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu. Tangu mwaka 2022 magari yanapita juu ya daraja jipya, pana. Barabara kuu basi si taabu. Taabu iko katika njia za udongo za mashambani, na hasa miezi ya masika, Machi mpaka Mei, ambapo lori huweza kulala matopeni na mzigo ukaozea mgongoni.

Sasa karatasi. Nitazipita upesi, lakini usizipite upesi wewe. Kwanza leseni ya udereva iwe ya daraja linaloruhusu lori lako. Leseni ya motokaa ndogo ya nyumbani haitoshi. Pili namba ya mlipa kodi, yaani TIN, kutoka TRA. Tatu leseni ya kuchukua mizigo kutoka LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Nne bima, japo ile ya mtu wa tatu, ambayo sheria inalazimisha. Bima ya mtu wa tatu humlipa yule uliyemgonga. Lori lako likipinduka, haikulipi wewe hata senti moja. Mwenye lori la mkopo afikiri sana hapo.

Na mzigo nao una karatasi zake. Mazao yakitoka Halmashauri ya Chalinze, uliza stakabadhi ya ushuru kabla hujawasha moto. Ufuta na korosho katika Mkoa wa Pwani huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka ghalani kwa njia ya chama chake cha msingi. Basi mtu akija usiku na kukuambia, "Nipakilie magunia ya ufuta, tutapita njia ya ndani," ujue anakukodi wewe na kesi pamoja. Mkaa hali kadhalika: lazima uwe na hati ya kusafirisha kutoka TFS, na haupitishwi barabarani baada ya saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi.

Iko pia habari ya mizani. Gari la mizigo ambalo uzito wake pamoja na mzigo unazidi kilo 3,500 hupita mizani, kama ile ya Vigwaza kwa wanaopita njia ya Chalinze. Sheria hii ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Tazama kadi ya lori lako. Tuseme imeandikwa uzito mtupu kilo 3,000, na uzito pamoja na mzigo kilo 6,500. Toa 3,000 katika 6,500. Mmepata ngapi? Ndiyo, 3,500. Hayo ni magunia 35 ya kilo 100. Lakini gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kichwa likashonwa kamba, si kilo 100 hata kidogo. Ukipakia lumbesa 35 umekwisha zidisha, na faini haimwendei mwenye gunia, inakujia wewe mwenye lori.

(Mwalimu wa darasa asimamishe redio hapa kidogo, wanafunzi wachore mistari miwili katika ukurasa mpya: upande mmoja Kilichoingia, upande wa pili Kilichotoka.)

Haya, sasa tuingie katika jambo lililotukusanya. Tuchukue safari moja ya Miono mpaka Dar es Salaam na kurudi. Bei nitakazotaja ni za mfano, ili tujifunze kupiga hesabu. Kila mtu ataweka bei za siku yake. Bei ya dizeli hasa hubadilika: EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na dereva mwenye akili huiandika siku hiyohiyo katika daftari lake.

Tuseme mteja anakulipa Sh. 400,000 kumpelekea mzigo wake sokoni. Andika upande wa Kilichoingia. Safari nzima, kwenda na kurudi, tuseme ni kilomita 360. Lori linakwenda kilomita 6 kwa lita moja. Gawa 360 kwa 6: lita 60. Lita moja tuseme Sh. 3,000. Dizeli basi ni Sh. 180,000. Utingo, Sh. 20,000. Chakula cha njiani, Sh. 15,000. Maegesho na ushuru wa soko, Sh. 10,000. Jumlisha: Sh. 225,000. Toa katika 400,000. Zimebaki Sh. 175,000.

Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari. Mtu anarudi nyumbani na Sh. 175,000 mfukoni kwa kazi ya siku mbili, anasema lori linalipa. Mimi sipendi kusikia neno faida likitajwa kabla matairi hayajahesabiwa. Tuendelee.

Lori lina matairi sita. Tuseme kila moja Sh. 400,000, yote ni Sh. 2,400,000, na yanadumu kilomita 40,000. Gawa: kila kilomita moja inakula Sh. 60 za mpira. Zidisha kwa kilomita 360: Sh. 21,600. Pesa hizi umekwisha zitumia barabarani, ila muuza matairi hajaja kuzidai. Oili na chujio, kila kilomita 5,000, tuseme Sh. 150,000, kilomita moja ni Sh. 30, safari yetu Sh. 10,800. Bima, leseni na ukaguzi, tuseme Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Ukifanya safari 8 kwa mwezi ni 96 kwa mwaka. Tuseme 100 ili hesabu iwe nyepesi. Kila safari inachangia Sh. 12,000. Matengenezo, yaani springi zinazokatika kwenye mashimo, klachi, betri, breki, tenga Sh. 100 kwa kila kilomita: Sh. 36,000.

Jumlisha hizo nne. Ni Sh. 80,400.

Liko na la tano, ambalo halionekani kabisa. Lori ulilonunua kwa Sh. 30,000,000, baada ya miaka mitano utaliuza labda kwa Sh. 15,000,000. Nusu yake imekwisha barabarani. Sh. 15,000,000 kwa safari 500 ni Sh. 30,000 kila safari. Ongeza juu ya 80,400: Sh. 110,400. Toa katika zile 175,000 zilizokuwa mfukoni. Zinabaki Sh. 64,600. Huo ndio mshahara wako, wewe dereva na mwenye mali, kwa siku mbili za usukani.

Hayo ni kwa mtu aliyenunua kwa pesa zake. Sasa tumtazame aliyekopa, maana wengi watakopa. Tuseme kila mwezi anarejesha Sh. 1,000,000. Kwa safari 8, kila safari inadaiwa Sh. 125,000. Tuache ile hesabu ya kuchakaa kwa lori, kwa kuwa mkopo ndio unaolinunua. Katika 175,000 toa 125,000: zinabaki 50,000. Lakini matairi, oili, karatasi na matengenezo yanataka 80,400. Zimepungua Sh. 30,400, na nyumbani bado hawajala.

Mtu huyu atafanya nini? Benki haingoji, basi atalipa benki. Watoto hawangoji, basi watakula. Kinachongoja ni matairi. Kwa hiyo atakula matairi, miezi sita, miezi minane, bila kujua kwamba anayala. Siku yatakapokwisha yote kwa pamoja hatakuwa na Sh. 2,400,000, lori litasimama uani, na mkopo utaendelea kutembea. Kama aliweka shamba dhamana, shamba nalo limo safarini.

Msiseme kwamba mwalimu anawakataza. Nataka muone mahali penyewe ambapo kazi hii inapata uhai wake: ni mzigo wa kurudia. Katika hesabu yetu lori lilirudi Miono tupu, likinywa dizeli bila kulipwa. Tuseme limepata mzigo wa saruji na mabati wa Sh. 150,000. Dizeli itazidi kidogo, lita 5, Sh. 15,000. Dalali atataka chake, Sh. 15,000. Zinabaki Sh. 120,000. Yule wa mkopo aliyepungukiwa 30,400 sasa anabakiwa na Sh. 89,600. Lori ni lilelile, njia ni ileile.

Lakini mzigo wa kurudia hautafutwi ukiwa umekwisha shusha. Ukikaa Dar es Salaam siku mbili ukingoja dalali akuite, umekula chakula, umelipa maegesho, na safari nyingine imekupita Miono. Waendee wenye maduka wa Miono, Mkange na Mbwewe kabla hujaondoka, uulize nani ameishiwa saruji, nani ana mbolea ya kuchukuliwa. Mwenye duka aliyezoea kuletewa mzigo wake mzima, kwa siku uliyosema, hatamtafuta mwingine. Na kila mteja, hata akiwa shemeji yako, aandike katika daftari lako mzigo gani, uzito gani, bei gani, amelipa kiasi gani kabla ya safari. Pesa ya dizeli ya kwenda ilipwe mbele. Shemeji akikasirika kwa kuandikiwa, mwachie mwingine ambebee.

Ambaye hajawahi kuendesha lori na mzigo, naona asinunue mwaka huu. Aendeshe kwanza lori la mtu kwa msimu mmoja, hata kama mapato mengi yanamwendea mwenyewe, huku akiandika kilomita na lita kila safari. Mwisho wa msimu atakuwa na namba zake za kweli, hatahitaji hizi zangu.

Sasa kazi ya nyumbani. Dizeli imepanda kutoka Sh. 3,000 mpaka Sh. 3,300 kwa lita. Mteja amekataa kuongeza bei, bado analipa Sh. 400,000, na lori limerudi tupu. Mwenye lori hana mkopo. Andikeni tena safari yote, pamoja na matairi, oili, karatasi, matengenezo na kuchakaa, mtafute kinachobaki. Kisha mtafute ni bei gani angemwambia mteja ili abakiwe na Sh. 64,600 kama zamani. Majibu tutayasoma kipindi kijacho, siku kama ya leo, saa ileile.