Elimu isiyofika jikoni ni elimu pungufu

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga wetu. Niliikumbuka kauli hiyo mwezi uliopita nilipomtembelea mpwa wangu, ambaye amepanga chumba mjini Ruiru na husafiri kwa matatu kila asubuhi kwenda kusoma katika chuo kimoja mjini Thika. Ilikuwa tarehe 25, siku ambazo mfuko wa mwanafunzi huwa umetoboka. Mezani palikuwa na kasha tupu la pizza, kumbukumbu ya siku za neema, na kando yake kikombe cha chai ya rangi na vipande viwili vya mkate mkavu.

"Karibu, mjomba," alisema kwa haya. "Lakini leo sina cha kukukirimu."

Nilitupa macho pembeni mwa chumba. Palikuwa na paketi ya unga wa ngano aliyopewa na mamaye, ambayo haijafunguliwa. Palikuwa na vitunguu, fungu la terere lililoanza kunyauka, mtungi mdogo wa gesi na kikaango cha chapati. Nilipomuuliza kwa nini analala njaa ilhali ghala limejaa, alijibu kwamba chapati zake huwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na kwamba chakula anachokitamani hasa, mkate wa Waitalia uliojazwa vitu ndani, huhitaji oveni.

Msomaji mpendwa, jawabu hilo lilinichoma moyo. Kijana huyu anaweza kukueleza kanuni za hisabati ambazo mimi sizielewi, lakini ameshindwa na unga, maji na moto. Ni nani wa kulaumiwa?

Kwanza niliona heri nimwondolee dhana potovu kuhusu oveni. Ni kweli kwamba pizza, pamoja na ndugu yake aliyekunjwa aitwaye calzone, hutaka oveni yenye joto kali. Lakini Italia ni nchi yenye mapishi mengi. Katika eneo la Romagna, kando ya Bahari ya Adriatiki, wananchi wamekuwa wakioka mkate bapa uitwao piadina juu ya kigae cha udongo au bamba la chuma lililotelekwa motoni. Ukiujaza mboga, ukaukunja mithili ya nusu ya mwezi na kuufunga kingo, huitwa cassone au crescione. Hauhitaji oveni hata kidogo.

Mimi nilifundishwa upishi huo na jirani yangu aliyewahi kuwa mpishi huko Malindi, mji ambao Waitalia wengi wamefanya maskani kwa miaka mingi. Basi nilikunja mikono ya shati, nikamwambia mpwa wangu anawe, tukaanza kazi.

Tulipima nusu kilo ya unga, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia. Wenyeji wa Romagna hutumia mafuta ya nguruwe, lakini mafuta yoyote hufaa, na Thika yenyewe ni mji wa viwanda vya mafuta ya kupikia. Tulitia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, takriban glasi moja, huku tukikanda kwa dakika kumi hadi donge likawa laini. Kisha tulilifunika na kuliacha kwa nusu saa. Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Donge lisilopumzishwa hujivuta likisukumwa, na mkate wake huwa mgumu. Hiyo ndiyo siri ya chapati za mpwa wangu kugeuka ngozi ya ngoma.

Donge likiwa limepumzika, tulichemsha terere kwa dakika chache, tukaikatakata, tukaikaanga na kitunguu na chumvi, kisha tukaiacha ipoe. Tuligawa donge katika matonge sita, tukasukuma kila moja hadi likatosha upana wa sahani. Tulitandaza mboga upande mmoja, tukaacha ukingo wa upana wa kidole, tukakunja na kubana kingo kwa uma.

Mkate wa kwanza ulipasuka. Maji ya mboga yalimwagika kikaangoni yakachirizika, na mpwa wangu akanitazama kama anayesema, "Sikukwambia?" Kosa lilikuwa langu, kwani nilisahau kuikamua mboga. Tuliikamua kwa viganja iliyosalia hadi ikatoa tone la mwisho. Mikate mitano iliyofuata tuliioka juu ya kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika nne hivi kila upande, kisha tukaisimamisha kwa mgongo ili nao uive. Ilitoka na madoa ya hudhurungi, na mboga ndani ikiwa ya moto. Tulikula mitatu, miwili akaifunga kwa ajili ya chakula cha mchana chuoni. (Anayetumia jiko la makaa afanye vivyo hivyo, mradi asilitie katika chumba kilichofungwa, kwa maana kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na huua.)

Sasa tujiulize, mkate huu ni wa kigeni kiasi gani? Chapati tunayoiona kuwa mila yetu ya Krismasi ililetwa na Wahindi, na ilienea baada ya maelfu yao kuja kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Huko Pwani, wapishi wa mkate wa mayai hutandaza donge jembamba, hulijaza nyama na mayai, hulikunja na kulikaanga juu ya bamba la chuma. Wageni wanaozuru Forodhani, Unguja, hupanga foleni kununua jamaa yake wa karibu. Waitalia nao si wageni kabisa katika sehemu zetu. Wamishonari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka wa 1902. Unga, maji na moto havina kabila.

Lakini kuna jambo ambalo Waromagna wametushinda. Mkate wao ulikuwa chakula cha maskini, na mboga za kuujaza zilichumwa kondeni, kama sisi tunavyochuma terere na managu. Hawakuuonea haya. Mshairi wao Giovanni Pascoli (1855–1912) aliutungia shairi, na mwaka wa 2014 Umoja wa Ulaya ukaupa jina lake ulinzi wa kisheria. Sisi tunaipita terere kando ya njia tukikimbilia kasha la pizza, kisha tarehe 25 tunakunywa chai ya rangi.

Turejee kwenye swali la lawama. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, ulikusudiwa kumpa mtoto stadi za kujitegemea, sayansi kimu ikiwa mojawapo. Sote tunajua yaliyotokea. Katika shule nyingi somo hilo lilikaririwa ubaoni, wanafunzi wakachora sufuria wasiyowahi kuiteleka. Wavulana walilicheka wakisema ni la wasichana. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na sasa tuna Mtaala wa Umilisi, ambao msingi wake ni kutenda. Je, utatenda kweli, au picha ya mtoto akiwa ameshika mwiko itatosha kumpatia alama?

Rai yangu kwa walimu ni hii. Somo la upishi lisihesabiwe kuwa limefundishwa mpaka mwanafunzi, awe mvulana au msichana, aweze kupika mlo kamili kwa vifaa vilivyomo katika chumba cha kupanga. Haihitaji maabara ya fahari. Jiko moja, kikaango kimoja na paketi ya unga vinatosha darasa zima kujifunza kwa zamu. Mkate wa kwanza ukipasuka, mwalimu asiuadhibu. Auulize darasa kwa nini umepasuka, maana hapo ndipo sayansi inapoanzia.

Nanyi wanafunzi, msingoje mtaala. Unga ukipanda bei, kama ulivyopanda 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, changanyeni na viazi au malenge yaliyopondwa. Anayejua kupika hubadili mbinu. Asiyejua hubadili mkopeshaji.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. Nilidhani anaomba pesa. Kumbe alitaka kuniuliza kama managu nayo hukamuliwa.