Marekani na Viti Vyake 435

Marekani ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo milioni 9.8, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 331,449,281. Majimbo ni 50. Mlima mrefu kuliko yote ni Denali, mita 6,190. Mashamba ya mahindi hayaishi machoni, baridi ya Januari inaingia hadi kwenye mifupa, na vyakula vina sukari kupita kiasi. Hayo yanatosha.

Mimi nimerudi na jambo moja. Huko Washington nilikabidhi simu mlangoni, nikapanda roshani ya wageni ya Seneti. Chini yangu yalikuwa madawati 100 ya mbao, yamepangwa nusu duara. Arobaini na manane yalitengenezwa mwaka 1819, na ndani ya droo maseneta wamechonga majina yao. Kabla ya 1959 maseneta walikuwa 96. Mwaka huo Alaska na Hawaii, zilizokuwa maeneo ya shirikisho tu, zikapandishwa kuwa majimbo, na kila moja ikaleta wawili. Kwa kuwa maseneta hawamalizi muda pamoja, wale wapya walipiga kura ya bahati kujua nani ataanza na muda mfupi.

Kazi iko Baraza la Wawakilishi, lenye viti 435 tangu 1913. Alaska ilipoingia Januari 1959 vikawa 436. Hawaii ilipoingia Agosti, 437. Wakati ule hakuna jimbo lililonyang'anywa kitu. Lakini vile viwili vilikuwa vya muda. Sensa ya 1960 ilipokamilika, hesabu ikapigwa upya kwa majimbo yote, na 1963 baraza likarudi 435. Hawaii ikapata kiti cha pili. California ikaongezewa vinane. Pennsylvania ikapoteza vitatu, New York viwili, na wakubwa hao wakakubali.

Mpaka leo ni hivyo. Baada ya sensa ya 2020, New York ilipoteza kiti kwa kupungukiwa watu 89. Themanini na tisa! Ni abiria wa daladala tatu.

Sisi Tanzania mwaka 2025 tuliongeza majimbo manane ya uchaguzi, Kivule, Chamazi na Uyole yakiwemo, yakafika 272. Watu wameongezeka, sikatai. Ila kwetu kugawa viti maana yake ni kuongeza, na kila kiti kina mshahara na posho zinazotoka kwa mlipa kodi. Lini tuliwahi kuliambia jimbo lililopungukiwa watu kwamba zamu yake imepita? Tuweke kikomo, kisha tugawane kilichopo kwa hesabu ya sensa.

Wenzetu nao wana deni. Wakazi 689,545 wa jiji la Washington, lisilo jimbo, hawana seneta hata mmoja, na Puerto Rico, yenye watu zaidi ya milioni 3.2, ina mjumbe mmoja asiyeruhusiwa kupiga kura ya mwisho kwenye miswada. Ikipandishwa kuwa jimbo itastahili wawakilishi wapatao wanne, na sheria ikibaki ilivyo, viti hivyo vitatoka kwa majimbo mengine.