Damu ya Aliyepona, Je, Yaweza Kumponya Mwingine?

Tangu ugonjwa wa korona ulipotuingilia mwaka 2020, hapa Masumbwe watu huuliza kama ni kweli kwamba aliyepona akitoa damu yake, mgonjwa anayetweta kitandani atapona naye. Swali hili si la kipuuzi, maana mwenye mgonjwa yu tayari kuuza hata ng'ombe wa mwisho.

Damu ikizuiwa isigande, kisha ikaachwa itulie, chembe nyekundu hushuka chini, na juu hubaki maji ya manjano. Waganga wa hospitali huyaita plazima. Ndani yake mna askari ambao mwili wa aliyepona umewatengeneza, nao wamekwisha kumjua adui. Jambo hili si geni: Mjerumani Emil von Behring alipata tuzo ya Nobel mwaka 1901 kwa kutibu dondakoo kwa maji ya damu ya wanyama waliokingwa.

Mwaka 1995 huko Kikwit, Kongo, wagonjwa 8 wa Ebola walitiwa damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Habari ya kufurahisha kweli! Lakini nani ajuaye kama ni damu iliyowaponya, au matunzo mazuri? Hawakulinganishwa na wengine.

Basi mwaka 2020, katika hospitali ya Mulago, Kampala, waganga walichukua wagonjwa 136 wa korona, wakawagawa kwa kura. Wengine walipewa plazima pamoja na matibabu ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida tu. Haikuonekana tofauti: plazima haikuharakisha kupona wala haikupunguza vifo. Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 11,558. Katika kila 100 walikufa 24 upande huu, na 24 upande huu.

Kwa nini? Mapafu yanaposhindwa kazi, mara nyingi mwili umekwisha kuunda askari wake wenyewe, na madhara hutokana na vita vyao vilivyopita kiasi. Ni kama sungusungu kufika wakati wezi wamekwisha kwenda na nyumba inawaka: hapo panatakiwa maji, si mishale. Huko Argentina wazee waliopewa plazima yenye nguvu kabla ya siku 3 za ugonjwa kupita walipata nafuu. Wachache wao walizidiwa.

Kwa hiyo mtu asikudanganye akuuzie damu ya aliyepona. Anayetweta apelekwe upesi penye oksijeni. Iko pia dawa ya bei ndogo, deksamethasoni. Mwaka 2020 ilionekana Uingereza kwamba hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona wanaopumua kwa mashine. Lakini kwa asiyehitaji oksijeni haikuleta faida yoyote, basi si dawa ya kujinunulia dukani kwa sababu ya kikohozi.