Sitroneli ya watoto na bidoni ya izini

Likizo kubwa hii, hapa Lukafu, sisi wa sandika tuliwapa watoto wetu kazi. Walipanda siboleti na sitroneli ndani ya vyombo vine: kopo ya tomati, bidoni ya mafuta ya kula iliyokatwa, nyungu ya udongo na gunia ya bunga. Udongo ulikuwa uleule, wa kichuguu, uliochanganywa na mavi ya kuku yaliyooza. Kila siku ya posho walipima majani na lati ya masomo.

Nyungu ilikauka mbio, juu udongo wake unatoa jasho. Saa sita maji ilikuwa imekwisha. Kopo ilichemka na jua, majani ya upande ule yakaungua. Ndani ya bidoni siboleti ilianza kuoza, mpaka watoto walipotoboa chini na msumari wa moto. Kiisha ikashika vizuri. Gunia njo ilishinda kwa sitroneli, sababu mizizi yake inataka nafasi. Siboleti, yeye, haombi mengi.

Kiisha mtoto mmoja akaleta chombo cha tano: bidoni ya bleu, kubwa, nguvu, baba aliitoa kwenye kazi. Tulikatala. Watoto walinuna, na baba alikuja kutuuliza juu ya nini, maana bidoni ile sokoni ni makuta. Tulimwambia: asidi na dawa za izini zinaweza kubaki hata kama umeosha na sabuni mara tatu. Gunia ya minerai vilevile, vumbi inajificha ndani ya nyuzi. Chombo ambacho hujui kilibeba nini, usipandie chakula, usiwekee maji ya kunywa.

Sisi wa Lubumbashi tuko na sababu ya kuogopa. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa 1911, na moshi wa shemine uliangusha metali juu ya udongo, zaidi upande upepo unapoelekea, kaskazini-magharibi. Watafiti wa Université ya Lubumbashi walipima bustani za mji, wakakuta shaba na kadmi kupita kiasi. Uchunguzi uliotoka 2009 ulipima mkojo wa watu wa Katanga: wale wanaokaa chini ya kilometa 3 na migodi ao izini walikuwa na kobalti nyingi, na watoto kupita wakubwa. Kuosha majani kunaondoa vumbi ya juu tu. Ile mmea umekunywa na mizizi inabaki.

Kwa hiyo chombo chenye udongo safi kinaweza kusaidia, lakini si kama sisi wenyewe tunarudisha sumu ndani ya parsele, na bidoni ao na salopeti ya kazi inayofuliwa pamoja na nguo za mtoto.

Sandika imeandika ombi kwa sosiete: bidoni tupu zitobolewe kulekule izini, na salopeti zifuliwe kazini. Jibu tunangojea.